Poly Styrene: Binti wa Msomali aliyeupa muziki wa panki sauti mpya

Jina alilopewa na wazazi wake ni Marianne Joan Elliott-Said. Alizaliwa tarehe 3 Julai 1957 mjini Bromley, kusini mashariki mwa London. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Somalia, na mama yake Mwingereza mwenye asili ya Scotland na Ireland. Alilelewa na mama peke yake katika mtaa wa Brixton, enzi ambazo mtoto wa mzazi mweusi na mzazi mweupe alitazamwa kwa jicho la dharau.

Akiwa na umri wa miaka 15 alihama nyumbani, akazunguka Uingereza kutoka tamasha moja la muziki hadi jingine. Mwaka 1976, siku aliyotimiza miaka 19, alilishuhudia kundi la Sex Pistols likitumbuiza mjini Hastings. Muda si mrefu alitoa tangazo gazetini kutafuta vijana wapigaji ala, na hivyo likazaliwa kundi la X-Ray Spex. Yeye akajiita Poly Styrene, jina la plastiki nyepesi itumikayo na kutupwa, akiikejeli biashara ya umaarufu inayomtendea msanii vivyo hivyo.

Albamu ya kwanza ya kundi hilo, Germfree Adolescents, ilitoka Novemba 1978 na kufika nafasi ya 30 katika chati ya Uingereza. Ilichanganya magitaa yenye kasi na mlio mkali wa saksafoni, huku maneno yake yakizungumzia matangazo ya biashara, kemikali, usafi uliopita kiasi na binadamu aliyegeuzwa mnunuzi tu. Katika fani iliyotawaliwa na wanaume weupe, binti huyo alipanda jukwaani na nyaya za kunyooshea meno mdomoni, bila kujaribu kuzificha. Aprili mwaka huohuo alikuwa ameimba katika bustani ya Victoria, London, mbele ya maelfu waliokusanyika kupinga ubaguzi wa rangi, wakati ambapo chama cha National Front kilikuwa kikichochea chuki dhidi ya wahamiaji.

Hata hivyo, umaarufu ulimlemea. Alilazwa hospitalini, na madaktari wakasema ana skizofrenia. Ni mwaka 1991 ndipo ilipobainika kuwa maradhi yake yalikuwa mengine, yale yanayomyumbisha mtu kati ya msisimko uliopindukia na huzuni nzito. Wakati huo kundi lilikuwa limekwishavunjika tangu mwaka 1979, naye alikuwa ameingia katika imani ya Hare Krishna.

Machi 2011 alitoa albamu yake ya mwisho, Generation Indigo, akiwa mgonjwa wa saratani ya matiti. Alifariki dunia tarehe 25 Aprili mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 53. Miaka kumi baadaye, binti yake, Celeste Bell, alishiriki kuongoza filamu inayosimulia maisha ya mama yake.