Aliitwa, Akaenda: Maisha ya Johann Ludwig Krapf



Kijitabu hiki cha yubilei ni cha shukrani. Tumewashukuru waasisi wa kwaya, walimu wetu wa sauti, wazee wa kanisa, na wote waliotuchangia nauli na sare. Katika kurasa hizi tumeona vyema tumkumbuke pia mtu aliyefariki zamani, kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa, ambaye kazi yake imo ndani ya kila wimbo wa Kiswahili tunaouimba ibadani. Huyo ni Dkt. Johann Ludwig Krapf.

Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo limewahi kuulizwa na wengi wetu, wengine kwa sauti na wengine kimoyomoyo. Mtu anaomba, anaamini ameelekezwa, anatii, kisha anapofika anakuta mlango umefungwa na msiba unamngoja. Je, alisikia vibaya? Je, aliyemtuma amemwacha? Krapf alikutana na swali hilo mara nyingi, na mara moja alikutana nalo hapa kwetu Mombasa kwa namna ambayo wachache wangeistahimili.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa mvulana wa miaka kumi na mmoja alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akalazwa kitandani miezi mingi. Katika ugonjwa huo alijizoeza kusoma Biblia, hasa habari za mababu wa imani. Baadaye aliingia chuo cha wamishonari cha Basel, nchini Uswisi, lakini akatoka kwa kuutilia shaka wito wake. Akasomea theolojia Tübingen, akawa msaidizi wa mchungaji, napo mahubiri yake yakamletea matatizo na wakubwa wake. Hakuwa mtu ambaye njia yake ilinyooka tangu mwanzo.

Mwaka 1837 alitumwa Uhabeshi na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS. Huko Shoa alijifunza lugha ya Waoromo, akaanza kutafsiri Injili kwa ajili yao. Moyo wake ukashikamana na watu hao. Aliamini kabisa kwamba Waoromo wakimpokea Kristo, sehemu kubwa ya Afrika itafuata. Lakini mwaka 1842 alitoka Shoa ili akamwoe mchumba wake, Rosine Dietrich, huko Misri, na alipotaka kurudi akakataliwa njia. Walijaribu pamoja kuingia tena Uhabeshi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa nyikani karibu na mpaka, akaishi muda mfupi tu. Walimwita Eneba, neno la Kihabeshi lenye maana ya chozi, wakamzika hapohapo, wakageuka.

Krapf alikuwa amesikia kwamba nchi ya Waoromo inashuka mbali kuelekea kusini. Akawaza kwamba, ikiwa mlango wa mbele umefungwa, huenda kuna mlango wa nyuma kupitia pwani ya Waswahili. Kwa hiyo akafika Unguja mnamo Januari 1844, akapewa na Sultani Seyyid Said barua ya kumtambulisha, na kufikia Mei yeye na Rosine walikuwa wamepanga makao Mombasa. Tuliangalie jambo hili vizuri. Mombasa haikuwa nia yake. Kwake ilikuwa mahali pa kupitia tu, na Kiswahili kilikuwa lugha ya njiani.

Hata hivyo hakukaa bure. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hakufanya kazi hiyo peke yake. Alisaidiwa na mwanachuoni Mwislamu, Sheikh Ali bin Muhiddin, aliyewahi kuwa kadhi. Wala pwani haikuwa ukiwa wa maneno ya Mungu kabla yake. Maneno kama imani, neema, rehema na sala, ambayo leo hatuwezi kuimba beti mbili bila kuyataja, watu wa pwani walikuwa nayo tayari. Tunalisema hili ili tusimpe Krapf sifa isiyo yake, na kwa sababu ni sehemu ya ajabu ya kazi ya Mungu kwamba alitumia mikono ambayo wengi wasingeitarajia.

Ndani ya kitabu hicho cha Mwanzo mna habari za Ibrahimu, aliyeambiwa atoke katika nchi yake bila kuambiwa anakwenda wapi. Mna pia habari za Moria, aliposikia agizo ambalo lilipingana na ahadi yote aliyopewa. Krapf alikuwa ndiyo kwanza ameanza kitabu hicho alipoingizwa yeye mwenyewe katika shule ya Ibrahimu.

Mwezi Julai homa iliingia nyumbani mwao. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu. Krapf naye alikuwa mgonjwa, hata kusimama ilikuwa taabu. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafariki. Kabla ya kufa aliomba azikwe upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili Wamijikenda wapitao njia ile waone kaburi na kukumbuka kwa nini wageni hawa walikuja. Ikawa hivyo. Siku chache baadaye mtoto naye akafuata, akazikwa pamoja na mama yake.

Tufikirie hesabu yake siku ile. Uhabeshi amekataliwa. Waoromo hajawafikia. Watoto wawili wamekufa. Mke amekufa. Hakuna Mkristo hata mmoja aliyepatikana kwa kazi yake pwani. Mtu mwenye busara angesema kwamba Mungu ameshajibu, na jibu ni kurudi nyumbani. Krapf aliwaandikia wakubwa wake wa CMS ujumbe wa namna nyingine. Aliwaambia kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni dalili ya kazi kuanza, wala siyo ya kazi kushindwa, kwa hiyo watume watu.

Wengine wataona maneno hayo kuwa magumu mno kutoka kwa mfiwa. Lakini msomaji wa Mwanzo ataelewa. Ibrahimu aliahidiwa nchi yote, akazunguka ndani yake miaka mingi akikaa hemani. Kipande cha kwanza alichokimiliki, alichokinunua kwa shekeli mia nne za fedha kutoka kwa Efroni Mhiti, kilikuwa mahali pa kumzika Sara. Kwa macho ya kawaida hilo ni kaburi tu. Kwa imani, hapo ndipo ahadi ilipotia mguu ardhini.

Krapf aliinuka, akarudi kwenye kazi yake ya maneno. Tarehe 10 Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, naye Mjerumani. Mwezi Agosti walipanda kwenda kufungua kituo cha Rabai, ambako wazee walikuwa wamewakaribisha. Walikwenda wote wawili wakiwa na homa, wakipokezana punda mmoja. Ni vigumu kuwaza mwanzo dhaifu kuliko huo. Mwaka 1847 sura tatu za kwanza za Mwanzo kwa Kiswahili zilichapishwa Marekani. Mwaka 1850 Krapf alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na miaka yote hiyo alikuwa akikusanya maneno ya kamusi, neno kwa neno, kwa kusikiliza watu wakisema.

Safari zake za bara twazijua tangu shuleni. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848. Krapf alikwenda Ukambani kwa mzee Kivoi, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, akauona mlima wa theluji ambao Wakamba walikuwa wamemsimulia. Akaliandika jina alilolisikia kwao, na kutokana na jina hilo la mlima nchi yetu inaitwa Kenya. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya waliwacheka na kusema haiwezekani theluji ikakaa karibu na ikweta.

Lakini safari hizo nazo zilimwishia pabaya. Mwaka 1851 alirudi Ukambani akikusudia kufungua kituo Yata na kuufikia mto Tana. Njiani wakavamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Alibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki na mfuko wa darubini yake. Alipofika Rabai, watu walikwisha kusikia kwamba amekufa. Kituo cha Yata hakikusimama. Kati ya wenzake waliotumwa kuja kumsaidia, wapo waliokufa kwa homa muda mfupi baada ya kufika.

Na mavuno yalikuwaje? Mwaka huohuo wa 1851, miaka saba baada ya kaburi la Rosine, alibatizwa mtu wa kwanza wa Rabai. Jina lake Mringe. Alikuwa mlemavu na maskini, akabatizwa akiwa mgonjwa, kisha akafa. Kwa miaka saba, mtu mmoja, naye yuko kitandani. Mwaka 1853 afya ya Krapf ilishindwa kabisa, akarudi Ujerumani, akakaa Kornthal. Mwaka 1862 alirejea kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu.

Hatutaki kumpamba Krapf. Alikuwa mtu wa wakati wake. Katika vitabu vyake mna maneno makali kuhusu wenyeji na dini zao ambayo leo yanatuumiza tukiyasoma. Zaidi ya hayo, katika jambo lililokuwa karibu zaidi na moyo wake, mambo hayakwenda alivyodhani. Mlango wa Waoromo kupitia Mombasa haukumfungukia kamwe.

Hapa ndipo maisha yake yanatufundisha jambo ambalo tunadhani ni la maana kwa wanakwaya na kwa kila muumini. Agizo ni kitu kimoja, na sababu tunazojitungia ni kitu kingine. Krapf aliamini ameagizwa aende, akaenda. Sababu aliyojitungia, yaani kwamba pwani ni njia ya kuwafikia Waoromo, haikutimia. Kwenda kwenyewe kulitimia. Alidhani Kiswahili ni lugha ya kupitia, kumbe ndiyo kazi aliyoletewa. Kama angesubiri aelezwe kwanza, asingetoka Derendingen. Na kama angeacha siku ile sababu yake ilipovunjika, asingeimaliza hata ile kamusi.

Kwa hiyo mtu anapoona maelekezo ya Mungu hayaingii akilini, huenda lililovunjika ni hesabu yake tu, na agizo bado limesimama. Hatusemi kila wazo linalotujia usiku ni sauti ya Mungu. Tukimwangalia Krapf, yale aliyoyashika baada ya mipango yake kuanguka yalikuwa wazi na ya kawaida: kuhubiri Neno, kujifunza lugha ya jirani, kuuguza wagonjwa, kuzika wafu, kuamka kesho yake na kuendelea. Mipango mikubwa aliweza kuipoteza. Hayo madogo hakuyaacha.

Tarehe 26 Novemba 1881, huko Kornthal, alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ilikuwa bado haijatoka. Ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya yeye kuzikwa. Kwa hiyo hata hilo hakuliona likiwa mikononi mwa wasomaji.

Sisi tumeliona. Tunasoma zamu zetu kwa Kiswahili, tunafundishana sauti ya kwanza hadi ya nne kwa Kiswahili, na katika safu zetu wamo Wakamba, Wamijikenda, Waluo, Wakikuyu na wengine ambao lugha hii imewaketisha benchi moja. Wamo pia miongoni mwetu wanaopita pagumu sasa hivi: waliofiwa mwaka huu, waliopoteza kazi, na wanaomtumikia Mungu miaka mingi bila kuona hata Mringe mmoja. Ndugu zetu hao tunawaombea, na tunawasihi waendelee na kazi ya leo. Mlioko Mombasa, au mtakaoshuka huko kwa mikutano ya kwaya, fikeni Nyali mlione kaburi la Rosine, kisha mpande Rabai mkaone kanisa la kale, ambalo sasa ni jumba la makumbusho.

Bwana na awabariki nyote katika yubilei hii.