Rembrandt Bugatti: Msanii aliyefiwa na wanyama wake vitani

Ukisikia jina Bugatti, haraka haraka unawaza magari ya kifahari yanayouzwa kwa mabilioni ya shilingi. Hayo yalianzishwa na Ettore Bugatti. Wengi hawajui kwamba Ettore alikuwa na mdogo wake ambaye hakuwa na habari na injini. Yeye mapenzi yake yalikuwa kwa wanyama.

Huyo ni Rembrandt Bugatti, aliyezaliwa Milan, Italia, mwaka 1884. Jina la kwanza alipewa la mchoraji maarufu wa Uholanzi, na baba yake, Carlo, alikuwa fundi mashuhuri wa samani. Yaani sanaa aliikuta nyumbani.

Familia ilipohamia Paris, kijana huyo akawa haondoki kwenye bustani ya wanyama ya Jardin des Plantes. Mwaka 1904, akiwa bado hajatimiza miaka 20, aliingia mkataba na Hébrard, mwenye karakana ya kusubu sanamu za shaba nyeusi, ambaye pia alimfanyia maonyesho na kumuuzia kazi zake.

Baadaye akavuka kwenda Antwerp, Ubelgiji. Bustani ya wanyama ya huko, iliyofunguliwa mwaka 1843, ilikuwa ikiwakaribisha wasanii na kuwapa nafasi ya kufanyia kazi humo humo ndani. Kwa Bugatti hiyo ilikuwa bahati ya mtende.

Kazi yake haikuwa ya kukaa ofisini na picha. Alikuwa anasimama mbele ya banda, anamtazama mnyama kwa muda mrefu, anamsoma anavyolala, anavyotembea, anavyokula. Akisharidhika, anachukua udongo laini na kumfinyanga kwa vidole, fasta, mnyama akiwa palepale mbele yake. Ndiyo maana kwenye baadhi ya sanamu zake alama za vidole bado zinaonekana hadi leo.

Tembo, chui, simba, nyani, swala, wote walipita mikononi mwake. Hakuwatengeneza wakiwa wanararuana kama wasanii wengi wa kabla yake. Alimwonyesha kila mmoja na tabia yake, kama mtu anayemfahamu jirani. Mwaka 1911 Ufaransa ilimtunuku nishani yake ya heshima, akiwa na miaka 26 tu.

Kisha ikaja vita. Agosti 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji, na Antwerp ikazingirwa. Ikahofiwa kwamba mabomu yangevunja mabanda na wanyama wakali wangeingia mitaani. Chakula nacho kikawa shida. Wanyama wengi wa bustani ile wakauawa.

Hao ndio aliokuwa akishinda nao mchana kutwa, miaka nenda rudi.

Bugatti hakukaa kulia. Alijitolea kuhudumia majeruhi wa vita, na sehemu ya bustani ile ile ikageuzwa hospitali. Pale alipokuwa akitazama wanyama, sasa akawa anabeba askari walioumia.

Hali hiyo ilimvunja. Alirudi Paris akiwa na huzuni nzito, na pesa pia zilikuwa zimekata kwa sababu vita viliua soko la sanamu. Januari 1916 alijiua, akiwa na miaka 31. Aliacha sanamu karibu 300, ambazo leo zimo kwenye majumba ya makumbusho na zinagombewa minadani kwa pesa ndefu.

Kaka yake hakumsahau. Miaka kama 10 baadaye, Ettore alipotengeneza gari lake kubwa kuliko yote, Bugatti Royale, aliweka pambo mbele juu ya rejeta: tembo aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mkonga juu. Tembo yule alitokana na sanamu ya Rembrandt.