Shekhar Mehta, mtoto wa Kampala aliyeshinda Safari Rally mara tano

Motoka nyingi zinazofika Butembo na Beni zinashuka Mombasa, zinapita Nairobi na Kampala, kisha zinaingia Kongo kwa Kasindi. Zikifika, mafundi wa garaje wanazishika: hii inanyanyuliwa juu ya matope, ile inafungwa vyuma mbele, ingine inaongezwa mataa, rangi na maandishi mpaka watu wanasimama barabarani kuiangalia. Kazi hiyo ya kutengeneza motoka upya ili iweze barabara yake ilikuwa na shule kubwa katika Afrika ya Mashariki, nayo ni mashindano ya Safari Rally. Shofere aliyeshinda Safari mara tano, Shekhar Mehta, alizaliwa ng'ambo tu ya mpaka, katika inchi ya Uganda.

Mehta alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945, katika jamaa ya Wahindi wenye mashamba. Alianza mashindano mwaka wa 1966, akiwa na miaka 21, na motoka ya BMW. Wakati ule Safari ilikuwa tayari inajulikana sana. Ilianzishwa mwaka wa 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia Elizabeth wa Uingereza, na ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, siku za Pasaka, wakati wa mvua. Barabara hazikufungwa. Shofere alikimbia kilometa elfu na elfu huku akipishana na malori, ng'ombe, watoto wa shule na wanyama wa pori.

Ndiyo maana motoka za Safari hazikufanana na motoka za mashindano ya Ulaya. Mbele zilifungwa vyuma vizito juu ya kujikinga na wanyama. Mataa yaliongezwa, maana usiku wa pori ni mrefu. Chini ya moteri mafundi walitia bamba la chuma, jiwe lisipasue karteri na kumwaga mafuta yote. Resori na amotisere ziliimarishwa, na magurudumu ya akiba yalibebwa zaidi ya moja. Ilikuwa motoka ya dukani, lakini fundi alikuwa ameifungua yote na kuifunga tena kwa namna yake.

Mwaka wa 1971 Mehta alimaliza wa pili na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na motoka ya aina ile ile. Kila mutu aliona ushindi wake uko karibu. Lakini mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wana siku 90 za kutoka katika inchi. Maelfu ya jamaa waliacha nyumba, maduka na mashamba, wakaenda na masanduku tu. Mehta pia aliacha muji aliozaliwa, akahamia Kenya. Wakaaji wa Beni na vijiji vyake, ambao wengi wamekwisha kufunga vitu vyao usiku na kukimbia, hawahitaji kuelezwa hali hiyo.

Pasaka ya mwaka wa 1973 ilimkuta Nairobi, tayari kuanza tena. Mwaka ule Safari iliingia katika mashindano mapya ya dunia ya rali. Mehta aliendesha Datsun 240Z, na msomaji ramani wake alikuwa Lofty Drews. Mwisho wa safari hesabu ilishangaza watu: Mehta na Harry Källström wa Uswidi, naye katika Datsun, walikuwa na alama za adhabu sawasawa. Ikabidi kufuata sheria: nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza? Alikuwa Mehta. Hivi, miezi michache tu baada ya kupoteza kwao, alikuwa bingwa wa Safari.

Baada ya hapo alikaa miaka mitano bila kushinda tena. Wengine wangechoka. Mwaka wa 1979 alirudi juu na Datsun 160J, motoka ndogo ya jamaa, moteri ya silinda 4 na karibu lita 2. Mercedes walikuwa wameleta 450 SLC, moteri ya silinda 8 na lita 5. Kwa nguvu peke yake Datsun haingeweza. Lakini Safari haikuwa mashindano ya nguvu tu. Mehta alijua wapi pa kukimbia na wapi pa kuhurumia motoka. Mercedes ya Hannu Mikkola ikafika ya pili nyuma yake.

Alishinda tena mwaka wa 1980, 1981 na 1982, yaani mara nne mfululizo, zote pamoja na Mike Doughty akisoma ramani. Katika ushindi wa mwisho alimtangulia Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye alitoka bingwa wa dunia mwaka huo huo. Katika rali zingine nyingi, aliyekaa kando yake alikuwa bibi yake, Yvonne.

Mwaka wa 1987 alipata ajali mbaya sana katika rali ya Mafarao, huko Misri. Alipona, lakini kazi ya ushofere iliisha. Akaenda upande wa uongozi, mpaka akawa rais wa tume ya rali ya FIA, shirikisho la dunia la michezo ya motoka. Ni katika miaka yake kwenye kiti hicho Safari ilitoka katika mashindano ya dunia, baada ya ile ya mwaka wa 2002. Rali ya kisasa ilitaka barabara fupi zilizofungwa, na pesa nyingi. Kwa mutu aliyejengwa na Safari, hayo hayakuwa mambo madogo.

Shekhar Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Hakuona Safari ikirudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021. Lakini motoka za wakati wake hazijakufa. Huko Zama, Japani, Nissan inahifadhi zile za Safari pamoja na motoka zake zingine za zamani. Na katika rali ya Safari Classic, iliyoanza mwaka wa 2003, Datsun za zamani bado zinakimbia katika vumbi la Kenya, zikiwa na vyuma vyao mbele na mataa yao ya ziada. Zinapokwama au kuvunjika, fundi analala chini yake palepale, anafungua, anafunga, na zinaendelea.