Roosevelt alistaafu na miaka 50, akaja kwetu na kijana wake

Hebu fikiria: una miaka 50 na umetoka tu kwenye urais wa Marekani. Utafanya nini? Theodore Roosevelt alipanda meli Machi 1909, akashuka Mombasa Aprili na mwanawe Kermit, aliyeweka masomo ya Harvard kando kwa muda. Wakapanda treni kwenda bara, buda akikaa mbele ya injini kutazama wanyama. Oktoba, Kermit akatimiza miaka 20 hukuhuku kwetu. Ndiyo, waliua wanyama zaidi ya 500; leo tungewasuta vibaya.

Machi 1910 mkewe, Edith, na binti yao Ethel waliwapokea Khartoum, wakaelekea Ulaya pamoja. Mwaka wa 1912 mzee aligombea urais tena, akabwagwa. Julai 1918 kitinda mimba wake, Quentin, rubani, akauawa vitani Ufaransa. Naye alikuwa na miaka 20 tu. Januari 1919 mzee mwenyewe akaaga.

Sasa wewe, mzazi wako akistaafu, usimwachie runinga tu. Panga safari naye, hata kama ni ya Mombasa na kurudi. Siasa hurudi kila miaka mitano. Miaka 20 ya mtoto hairudi.