Eduard Buchner na Maji ya Hamira

Kila nionapo unga wa maandazi ukiumuka, namkumbuka Mjerumani mmoja, Eduard Buchner. Nimeona vema niwasimulie maisha yake kwa ufupi.

Alizaliwa Munich mwaka wa 1860. Baba yake alifariki yeye akali mtoto, na kaka yake Hans ndiye aliyemsaidia kusoma. Hata hivyo fedha zilipungua, akaacha masomo ya kemia, akafanya kazi katika kiwanda cha kutia vyakula makoponi. Mwaka wa 1884 akarudi masomoni chini ya Profesa Adolf von Baeyer.

Siku zile wataalamu wengi, wakimfuata Louis Pasteur, walisadiki kwamba sukari haiwezi kugeuka kileo pasipo hamira iliyo hai. Buchner alitaka kujua kilichomo ndani ya chembe za hamira, akaanza kuzipasua. Lakini wakubwa wa maabara waliona kazi hiyo haina faida, maana wengine walikwisha kuijaribu. Ikasimama miaka mitatu.

Wakati wa likizo mwaka wa 1896 alikwenda kwa kaka yake. Huko hamira ilisagwa pamoja na mchanga, ikakamuliwa kwa nguvu nyingi, yakatoka majimaji. Ili yasioze yalitiwa sukari nyingi, kama watu wahifadhivyo matunda. Mara mapovu yakaanza kupanda! Mwingine angaliyamwaga, akidhani yameharibika. Buchner alitambua kwamba sukari inavunjwa kuwa kileo na hewa ya kaboni, ingawa chembe za hamira zimekwisha kusagwa. Alitangaza jambo hilo mwaka wa 1897, akakiita kitu kinachovunja sukari zimasi. Leo twajua kwamba zimasi si kitu kimoja, bali ni jamii ya vimeng'enya, kila kimoja na hatua yake. Hata miili yetu huvunja sukari kwa vimeng'enya vya namna hiyo.

Mwaka wa 1907 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Vita Kuu ilipokuja alijitolea kuwa askari, akajeruhiwa huko Romania, akafa Agosti 1917.

Mimi najifunza kwake mambo mawili: kukatizwa masomo si mwisho wa masomo, na jaribio lililokwenda kombo litazamwe vizuri kabla ya kumwagwa.