Philibert de l'Orme: Mtoto wa mjengo aliyejengea mfalme

Ukifika Anet, mji mdogo ulio magharibi mwa Paris, Ufaransa, utapata lango la mawe lililojengwa karibu mwaka 1552. Aliyelichora alikuwa mtoto wa fundi mwashi.

Jina lake Philibert de l'Orme, mzaliwa wa Lyon. Kazi aliijulia mjengo, kwa baba yake, na alijigamba kwamba akiwa na miaka 15 tayari alisimamia watu zaidi ya 300. Miaka ya 1530 akaenda Roma, akawa anapima magofu ya Warumi wa kale, jiwe kwa jiwe.

Vipimo hivyo ndivyo vilizaa lango la Anet. Kasri lilikuwa la Diane de Poitiers, mpango wa kando wa Mfalme Henri wa Pili. De l'Orme alimpa lango lenye nguzo na tao, kama yale Warumi walijenga kusherehekea ushindi wa vita. Juu kabisa akaweka kulungu na mbwa wa kuwinda, maana Diana, wajina wa mwenye nyumba, ni mungu wa mawindo wa Warumi. Na si pambo tu, ilikuwa saa! Saa ikitimia, mbwa wanatikisika, kulungu anapiga kwato.

Mfalme alimfanya msimamizi wa majengo yake na kumpa mapato ya abasia kadhaa. Watu wakanuna. Hata mshairi Ronsard alimkejeli: mwashi gani huyu anakula vya abasia?

Tarehe 10 Julai 1559, mfalme akafa. Siku mbili baadaye de l'Orme akafutwa, kiti akapewa Primaticcio, mchoraji kutoka Italia. Tuhuma za kula pesa nazo zikamwandama.

Jamaa akashika kalamu. Mwaka 1561 alitoa kitabu cha kufundisha kuezeka kwa vipande vifupi vya mbao, badala ya mihimili mirefu ya bei ghali. Mwaka 1564 Catherine de Médicis, mjane wa mfalme, akamwita ajenge kasri la Tuileries. Mwaka 1567 akatoa kitabu kikubwa cha usanifu. Humo alichora msanifu mbovu asiye na macho wala mikono, na msanifu bora mwenye macho matatu: la jana, la leo na la kesho.

Alifariki Januari 1570. Tuileries haipo tena, na sehemu kubwa ya kasri la Anet ilibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Lango bado limesimama.

Kwa hivyo kama uko mjengo na wanakuita mtu wa mkono, nunua daftari. Anza kupima.