Padre wa Kijiji cha Ars

Jean-Marie Vianney alizaliwa tarehe 8 Mei mwaka 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alichunga kondoo wao. Alipokuwa mtoto yalitokea Mapinduzi makuu katika nchi ile. Makanisa yakafungwa, na mapadre wengi wakafukuzwa au kuuawa. Hata Komunyo ya kwanza aliipokea kwa siri nyumbani mwa watu, na magari ya majani makavu yakawekwa mbele ya madirisha ili mwanga wa mishumaa usionekane nje.

Kijana huyu alitamani upadre, lakini alichelewa kuanza masomo, na Kilatini kilimshinda. Katika seminari ya Lyon hakuweza kuwajibu walimu, akarudishwa. Padre Balley wa Écully hakumwacha, bali alimfundisha tena kwa uvumilivu, akamwombea kwa wakubwa. Hivyo mwaka 1815, akiwa na miaka 29, akapewa upadre.

Mwaka 1818 alipelekwa Ars, kijiji cha watu 230 hivi. Alikwenda kwa miguu, na ukungu ulimpoteza njia, mpaka mtoto mchungaji akamwelekeza. Alikuta kanisa dogo, bovu. Siku ya Jumapili wengi walikuwa mashambani au katika vilabu vya pombe. Padre akaanza kwa sala: aliamka kabla ya alfajiri, akapiga magoti kanisani. Chakula chake kilikuwa viazi vichache. Alizuru kila nyumba, akajenga upya mnara wa kanisa na kupamba altare. Kwa kuwa alikemea ulevi, wengine walimchukia wakamsingizia maovu, naye hakulipiza. Kidogo kidogo vilabu vikafungwa, kanisa likajaa. Mwaka 1824 alifungua shule ya wasichana bila ada, na yatima wakapata makao humo.

Habari zake zikaenea, watu wakaja kwa maelfu kutoka mbali ili kuungama kwake. Siku nyingine alikaa katika kiti cha maungamo saa 16. Akachoka sana, akajiona hafai kazi hiyo, akajaribu mara kadhaa kuondoka ili akae peke yake na kusali. Usiku mmoja wa mwaka 1853 wanakijiji walipata habari. Kengele ikapigwa, wakamzuia njiani wakimsihi. Basi akarudi kanisani, akaendelea kuwaungamisha watu.

Alikufa tarehe 4 Agosti mwaka 1859, baada ya kuwatumikia watu wa Ars miaka 41. Mwaka 1925 Papa Pius XI alimtangaza kuwa mtakatifu. Hivyo yule aliyeshindwa na Kilatini akawa mfano wa mapadre wote, na kanisa la kijiji kidogo likajulikana duniani kote.